Jiko la Mamboya na Debe la Majivu

Jumatatu, 30 Juni 1975

Toka Mamboya mpaka Mikumi hajapata kuzaliwa kijana mwenye akili kama zangu. Darasa la tano lenyewe lilinishindwa. Walimu walileta mtihani, nikawaachia waujibu wenyewe. Na leo ushahidi umepatikana. Bibi Yunis ameniachia mimi, Cleopa, moto wake.

Si moto wa hivi hivi. Babu aliuwasha siku ya arusi yao, kule juu Mamboya, ndani ya jiko la chuma walilopewa na mama mmoja wa misheni aliyekuwa anarudi kwao. Haujazimika tangu siku hiyo. Mchana unapika, jioni Bibi anaufunika kwa majivu, alfajiri anaufunua. Mwaka jana tulipohamishiwa huku bondeni, kijiji kipya jirani na Chanzuru, jiko lilibebwa na wanaume. Bibi alipanda lori na chungu mapajani, makaa yamelala ndani ya majivu kama vifaranga. Dereva akamwambia amwage. Bibi akamwambia dereva ashuke yeye. Babu hakushuka, kaburi lake liko kule. Moto ndio ulioshuka.

Sasa shangazi Regina amejifungua, Bibi anakwenda Mikumi kumwona mtoto. Atarudi Saba Saba. Atakayeulinda moto mpaka arudi atavaa koti la Babu, lile jeusi lenye vifungo vya shaba.

Kwanza alimchagua Kasian, mtoto wa baba mdogo, aliyemaliza darasa la saba na hachoki kulitaja. Nikapita kwa mwalimu asubuhi, nikamnong'oneza kwamba Kasian anakufa kwa hamu ya kuigiza kwenye ngonjera ya Saba Saba, ila anaona haya kusema. Mwalimu alifurahi sana. Akampa nafasi ya Ujinga, adui wa taifa, yule anayefukuzwa kwa majembe mwishoni. Mazoezi asubuhi na jioni. Nani basi akabaki na nafasi ya kulinda moto?

Bibi alinipa masharti. Majivu hayataki haraka. Funga mlango wa nje kwanza, upepo usiingie. Sogeza makaa nyuma, chota majivu ya mbele kwa upawa, polepole, kama unamlisha mtoto uji. Tia chunguni, funika, ndipo utoke nje. Na usikombe yote. Acha blanketi la majivu la vidole viwili, maana moto nao unalala. Jiko lilikuwa na droo yake ya majivu, lakini ilidondoka mlimani siku ya kuhama. Mara ya mwisho ilionekana watoto wakiitumia kutelezea.

Nikasema ndiyo, ndiyo, ndiyo. Bibi akasema, "Mume wangu mdogo, hizo ndiyo zako nyingi ndizo zinazonitia hofu." Ananiita mume wake kama bibi yeyote na mjukuu wake. Akapanda lori la pamba la kwenda Kilosa. Hakugeuka kunitazama mimi. Alitazama bomba la moshi.

Jumanne, 1 Julai

Upawa ni mambo ya wanawake. Niliazima beleshi la kuchimbia choo. Mlango wa nje nikauacha wazi, nipate mwanga wa kazi.

Beleshi moja tu. Upepo ukaja moja kwa moja kutoka upande wa reli kama umeitwa. Majivu yakapaa mpaka kwenye dari, yakakaa huko kidogo kufikiri, kisha yakashuka. Yakashukia vitambaa vya meza alivyofuma Bibi, sufuria ya maharage, picha ya Babu ukutani. Nikakohoa. Kila nikikohoa yanapaa tena.

Wakati huo huo akaingia Siwema wa nyumba ya tatu, ameshika kigae, amekuja kuomba moto. Hawa ndio wenyeji wa bonde hili, walikuwepo kabla yetu, na huyu Siwema hatembei, anapita. Akasimama mlangoni, akapiga goti vizuri, akasema, "Shikamoo, babu."

Nikaitikia marahaba. Ndiyo, niliitikia! Mdomo ulitangulia akili. Nilipoangalia kioo, nywele nyeupe, nyusi nyeupe, hata masikio. Nimezeeka kwa beleshi moja.

Siwema amewaambia mstari mzima wa nyumba. Leo kila mwanamke aliyekuja kuomba moto amenipa shikamoo, na Kasian amepita makusudi kuniuliza kama nakumbuka enzi za Mjerumani.

Nimeifuta picha ya Babu. Tulifanana kidogo leo, yeye na mimi. Alikuwa ananiangalia kama mtu anayetaka kusema jambo lakini hataki kunivunjia heshima.

Jumatano, 2 Julai

Dawa ya vumbi ni maji. Hilo halihitaji darasa la saba. Nikajaza kata, nikarusha tumboni mwa jiko.

Jiko likapiga chafya. Mvuke na uji wa kijivu vikatoka mlangoni kwa pamoja, vikabandika ukutani, ukuta ule ule alioupaka Bibi chokaa kwa ajili ya ukaguzi. Maana Jumamosi balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Stefano, anakagua usafi wa majiko yote kabla ya sherehe.

Na kama kawaida ya balozi, akapita leo. Nikampa shikamoo, akaitikia huku anatazama ukuta. Akauliza nimechora nini. Nikasema ramani ya taifa letu. Akauliza Zanzibar iko wapi. Nikamwonyesha tone lililokuwa kwenye goti langu. Hakucheka. Mzee Stefano ni mtu wa kwenda kuchekea nyumbani kwake.

Lakini nilishtuka. Nilipopapasa nyuma ya jiko nilikuta makaa mawili tu yenye uhai, na hayo yanasinzia. Nikapiga magoti nikapuliza mpaka nikaona nyota mchana. Yakafumbua macho. Nikayapa vijiti vyembamba, nikayapa gome, nikayaomba radhi pia, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kunisikia.

Kule Mamboya asubuhi ukungu ulikuwa unaingia mpaka jikoni, unakaa kwenye kigoda kabla yako. Babu alikuwa anafukia viazi vitamu kwenye majivu haya haya, halafu ananichimbulia kwa vidole vitupu. Nilimuuliza kwa nini haungui. Akasema yeye na huo moto wanafahamiana. Nilitia kidole na mimi. Nikalia mpaka kengele ya kanisa ikalia nayo. Alinipa kiazi kikubwa kuliko cha Kasian siku ile. Mpaka leo sijasikia harufu inayonipeleka nyumbani haraka kama ganda la kiazi lililoungua.

Inatosha. Kazi ya kidume si kukumbuka viazi.

Alhamisi, 3 Julai

Bahati imebisha hodi yenyewe. Mama Siwema amekuja kumwona "babu mpya". Baada ya kucheka vya kutosha akasema shida yake. Mahindi ameshavuna, maharage ameshapura, na mwaka jana fukusi walimlia nusu ya kihenge. Anatafuta majivu ya kuchanganyia. Ameomba huku na huku, kila nyumba inampa kijikombe.

Nikamwambia, mama, kesho utapata debe zima.

"Debe? Mwanangu, kwani jiko lako lina mimba?"

Nikamwambia majivu ya jiko la chuma ni daraja la kwanza, laini kama unga wa dukani, fukusi akiyanusa anahamia Dodoma. Akasema haya, nikifikisha debe hilo, Siwema ataniletea vitumbua kwa mkono wake mwenyewe. Kwa mkono wake mwenyewe. Nimeyaandika mara mbili ili nisisahau.

Kasian alikuwa anatoka mazoezini, uso umepakwa masizi kwa ajili ya Ujinga. Alisikia. Akaniambia jiko lile halitoi debe bila kukombwa mpaka chuma, na ukikomba yote moto utalala wapi? Nikamwambia Ujinga hana sauti mbele ya watu wazima. Akaniangalia kwa yale macho yake meupe ndani ya masizi, akasema kiberiti hakipo dukani tangu mwezi uliopita, nikumbuke hilo.

Wivu tu. Mtu akimaliza darasa la saba wivu unampanda kichwani.

Ijumaa, 4 Julai

Leo nimefanya kazi ambayo ingefundishwa vyuoni.

Nimefunga mlango, nimefunga dirisha. Nimetundika gunia bichi mbele ya mdomo wa jiko kama pazia, mkono wangu unapita pembeni. Nimejifunga kitambaa puani. Upawa, si beleshi. Polepole, kama namlisha mtoto uji. (Bibi alikuwa na wazo hilo pia, lakini mimi nimeliboresha kwa gunia.) Hakuna hata chembe iliyoruka. Vitambaa vyeupe. Ukuta nimeupaka chokaa upya. Nywele zangu nyeusi tii.

Debe lilifika nusu. Nikakomba pembeni. Likafika robo tatu. Nikainua lile blanketi la nyuma, nikalichota nalo, na vyote vilivyokuwa chini yake. Likajaa mpaka shingoni. Jiko likabaki chuma kitupu, unaweza kujitazama ndani yake.

Ndani ya debe mlikuwa na vijicho vyekundu vinakonyeza. Mtu asiye na busara angepeleka hivyo hivyo na kuchoma kihenge cha watu. Mimi nikamimina birika zima la maji. Vikafumba.

Nikabeba debe kichwani kupita mstari mzima. Mzee Stefano akachungulia jikoni kwangu, akasema hajaona jiko safi namna hii tangu alipolazwa hospitali. Nilikuna kidevu tu kama mtu aliyezoea.

Alasiri, siku hiyo hiyo

Nilitaka kuchemsha chai. Nikaingiza mkono jikoni. Baridi. Baridi kama pua ya mbwa.

Nimekaa chini kidogo.

Lakini nijisikilize mimi mwenyewe. Kila nyumba katika mstari huu huchukua moto kwa Bibi. Moto wao ni mtoto wa moto wetu, au mjukuu. Nikiomba kaa moja kwa jirani, nalirudisha nyumbani kwao tu, hakuna aliyeibiwa. Nilishika kigae, nikatoka.

Mlangoni nikakutana na Siwema na sahani ya vitumbua. Vya moto, vina iliki. Hakuniita babu. Aliniita Cleopa, akasema mama yake anashukuru, akauliza kama ni kweli Mamboya kuna baridi ya kuvaa koti mchana. Nikamweleza habari za baridi. Nikamweleza kwa kirefu. Jua likashuka.

Kigae bado kiko mkononi. Nimechoka, nimeshiba. Moto uko nyumba zote, hauendi popote. Nitaomba kesho mapema.

Jumamosi, 5 Julai

Kesho mapema haikuwa mapema.

Nilianza nyumba ya kwanza kulipokucha. Meko imefagiliwa, inang'aa. Ya pili, imefagiliwa. Ya tatu, kwa Mama Siwema, hata mafiga yamesuguliwa. Ndiyo siku ya ukaguzi! Mzee Stefano alitangaza hataki kuona majivu wala kaa kwenye meko ya mtu yeyote, na kila mwanamke alitii tangu alfajiri. Akazoa, akamwaga shimoni, akamwagia maji. Nikawauliza moto wao uko wapi. Wakanishangaa. Wakasema watachukua kwa Bibi Yunis kama siku zote, ule wa Mamboya hauzimiki.

Nikamkimbilia Mama Siwema kuhusu debe, labda jicho moja limebaki humo. Akasema ameshayachanganya jana, na kwani majivu yangu mbona yana mabonge kama matope?

Niliporudi walikuwa wamenitangulia. Wamepanga mstari mlangoni kwangu, kila mmoja na kigae chake, watoto migongoni, wanapiga soga. Nikasema moto umelala. Wakasema tuuamshe. Nikasema umechoka. Mama mmoja akauliza tangu lini moto ukachoka, umelima? Wakacheka wote, na Siwema yumo.

Kasian akapenya akaingia ndani. Alitia mkono jikoni. Aliutoa mtupu. Nilitegemea acheke. Hakucheka. Akatoa mfukoni kiberiti cha mwalimu, kile cha kuwashia karabai ya mazoezi. Akasema bei yake ni moja, Ujinga niuigize mimi Cleopa kuanzia sasa. Nikasema sawa. Akasema hatamwambia Bibi, ila si kwa ajili yangu.

Njiti ya kwanza ilivunjika. Ya pili ikashika.

Nikawagawia wote. Mama Siwema aliinamia kigae chake, akapuliza, akasema huu ndio moto bwana, wa kiberiti hauna ladha hii.

Jumatatu, 7 Julai

Saba Saba. Jana mazoezi tangu baada ya ibada mpaka jioni, sikuweza kuandika, mikono ilikuwa masizi matupu.

Uwanja ulijaa. Bendera, ngoma, mwakilishi kutoka wilayani mwenye miwani. Mimi nikaingia nikiwa mweusi kichwani mpaka miguuni, nimevaa gunia, nikatamba kwamba mimi ndimi Ujinga na nimeoa katika kila kijiji. Watu wakashangilia sana. Mwalimu akasema hajawahi kuona Ujinga wa asili namna hii. Kisha vijana wakanijia na majembe ya mbao, na Kasian, aliyehamishiwa upande wa Elimu, akanipiga kwa moyo wote. Siwema alikuwa mstari wa mbele. Alicheka mpaka akashika ubavu wa mama yake.

Katikati ya kunifukuza, lori la pamba likasimama barabarani. Bibi akashuka.

Alikuwa na habari nyingi. Mtoto ni wa kike, ameitwa Yunis. Tembo walisimama katikati ya barabara ya Mikumi na dereva akazima injini, na yeye Bibi akawaambia kwa Kikaguru wapishe, wakapisha. Watu walikuwa wanamsalimia kila hatua, lakini alikuwa anatembea kwenda nyumbani. Nilimfuata na gunia langu.

Akaingia jikoni. Akagusa bomba la moshi kwa kiganja, kama unavyogusa paji la mtoto mwenye homa. Akafungua. Majivu machache, safi, blanketi la vidole viwili, chini yake makaa mekundu. Nilikuwa nimeyapanga vizuri mno. Akasema, "Mume wangu mdogo, nilikudharau. Nisamehe."

Akatoa koti sandukuni. Bado lina harufu ya dawa ya nondo na moshi. Mikono yake inanizidi. Akanifunga vifungo vyote yeye mwenyewe, juu ya masizi, juu ya gunia, akarudi nyuma hatua moja kunitazama.

Kasian alikuwa mlangoni. Akageuka akaondoka.

Jumanne, 8 Julai

Ushindi mtupu. Nimevaa koti tangu asubuhi, jua hili hili la bondeni, na jasho linanitoka kama bomba. Nimepita nyumba ya tatu mara kadhaa. Mara ya mwisho Siwema aliuliza kama huko ndani kuna baridi ya Mamboya.

Mama Siwema alilalamika kidogo. Mahindi ya juu yameota ukungu kwa sababu ya mabonge yangu, ameyaanika upya. Nikamwambia lile lilikuwa debe la majaribio. Nitamletea la pili, kavu kabisa, Ijumaa. Tena madebe mawili. Amecheka, akasema haya babu. Nimeshapanga namna. Safari hii nitatumia magunia mawili.

Na Bibi atarudi Mikumi kwenye ubatizo mwezi ujao. Amesema hana wasiwasi, moto ana wa kumwachia.

Basi. Ukuta si kitu, umepakwa chokaa. Nywele zimeoshwa. Ujinga kila mtu anaigiza siku moja. Ingekuwa ni hayo tu ningeandika kwamba hakuna lililoharibika.

Ila jana jioni, watu walipokwisha ondoka, Bibi alivuta kigoda mbele ya jiko, akafungua kale kamlango, akaanza kumweleza Babu habari. Kila jioni hufanya hivyo, nilikuwa nimezoea hata sisikii. Jana nilisikia. Alimweleza kwamba Regina amejifungua salama. Kwamba mtoto ana masikio ya kwao. Kwamba huku bondeni mahindi yamekubali, na asiwe na kinyongo. Aliongea taratibu, anapumzika kati ya neno na neno, anampa nafasi ya kujibu, na makaa yanatatarika kila akinyamaza.

Alikuwa anaongea na njiti ya pili ya kiberiti cha mwalimu.

Alipomaliza akauliza, kwa sauti ndogo, "Unanisikia, mume wangu?" Mimi nilikuwa nyuma yake, ndani ya koti.

Nikaitikia.